Mwalimu Aliyetutembeza Lyon

Kwa miaka sita Mwalimu alitutembeza mji wa Lyon, Ufaransa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuukanyaga. Alitutembeza kwa miguu, Jumamosi moja kila mwezi, katikati ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ndani ya yale madaraja ya vioo yanayounganisha ghorofa za pili za majengo juu ya barabara, ambayo wenyeji huyaita skyway. Mimi nilikwenda mara kumi na nne. Ninajua idadi kwa sababu kila niliporudi nyumbani niliandika tarehe na idadi ya watu nyuma ya kalenda ya jikoni.

Hadi leo naweza kukuambia kanisa kubwa la Lyon liko upande gani wa mto, wanasesere wa maonyesho huchezeshwa wapi, na ukitoka stesheni ya treni uvuke madaraja mangapi ili ufike mji wa kale. Naweza pia kukuambia kwamba kulikuwa na sehemu moja ambayo hatukuwahi kuiona. Tulipofika kwenye mlango fulani wa kioo, ambao Jumamosi hufungwa, Mwalimu aliinua mkono kama askari wa barabarani na kusema, "Huku kumefungwa. Kuko matengenezo." Kisha alitugeuza upande wa kulia. Kwa miaka sita matengenezo hayo hayakwisha.

Jina lake limo kwenye daftari la washirika wa kanisa, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Wakongo walimwita Papa Mwalimu. Sisi Wakenya wachache tulimwita Mwalimu tu, na mke wake aliitwa Mama Mwalimu, ingawa alikuwa mshonaji na hakuwahi kushika chaki. Waliishi chini yangu, katika jengo moja la vyumba vya kupanga huko New Hope, pembeni mwa mji. Mimi ni nesi. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya wazee, na Jumapili nilisali katika kanisa la Kiswahili kule Brooklyn Center, ambako yeye aliimba besi.

Tulijuana kituo cha basi. Dereva alikuwa amesimamisha basi na Mwalimu alikuwa mlangoni, kofia mkononi, akirudia neno moja ambalo dereva hakulielewa. Nilisogea nikasikiliza. Alikuwa anataja barabara ya Nicollet, lakini kwa Kifaransa kamili, bila ile "t" ya mwisho ambayo Wamarekani huitamka.

"Dereva anauliza unakwenda wapi, mzee," nilimwambia.

"Nimemwambia mara nne. Jina ni la Kifaransa. Mimi nalitamka, yeye analikataa."

"Sema Ni-ko-let."

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeombwa aseme uongo. "Binti, panda wewe. Mimi nitangoja dereva mwingine."

Nilimtafsiria dereva kauli yake, tukapanda wote. Njiani aliniambia kwamba nchi hii ilipewa majina mazuri ikashindwa kuyatunza.

Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka ya hoteli katika kiwanda kimoja cha kufulia. Alikuwa stadi. Akikaa kwako, huwezi kumzuia asikunje taulo zako. Alipenda kushika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, akatamka hukumu: "Hii ni plastiki." Halafu angeeleza hariri. Lyon, alisema, ni mji uliojengwa na wafumaji wa hariri, na wabebaji wao walipita na majora ya vitambaa kwenye vichochoro vinavyopenya ndani ya nyumba, unaingia mlango wa mtaa huu na kutokea mtaa wa pili, ili hariri isinyeshewe. Vichochoro hivyo vina jina lake, traboule, na vingine bado vinapitika. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kusukuma milango na kuona inatokea wapi.

Alipofika Minnesota na kuingizwa mara ya kwanza kwenye skyway, mwezi wa Januari, na dada mmoja wa ofisi ya kupokea wakimbizi, alisimama katikati ya daraja na kucheka hadi yule dada akaogopa. Kule watu walikimbia mvua, hapa wanakimbia baridi. Akili ilikuwa ile ile. Ndipo matembezi yalipoanza.

Tulikutana juu ya ngazi za umeme. Hiyo ilikuwa stesheni. "Mesdames, messieurs, mabibi na mabwana, chungeni mizigo yenu, treni imefika." Daraja la kwanza lilikuwa mto Rhône na la pili mto Saône, na alitukataza kuyachanganya. Chini yetu yalipita mabasi na magari yenye chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyusha barafu, hadi madirishani. Yeye alionyesha mashua. Ukumbi wa benki fulani, wenye dari ya juu na marumaru, ulikuwa kanisa kuu. Ndani ya kanisa hilo, alisema, kuna saa ya kale yenye vinyago vinavyotembea, na juu yake kuna jogoo. Saa ikifika, jogoo hupiga mabawa na kuwika.

Mwalimu aliwika.

Mara ya kwanza alipowika, mlinzi wa jengo, Msomali wa makamo mwenye ndevu za hina, alikuja mbio, redio mkononi.

"Kuna nini hapa?" aliuliza kwa Kiswahili cha Nairobi. Alikuwa amekaa Eastleigh miaka mingi.

"Ni saa ya kanisa," alijibu Mwalimu.

"Kanisa gani? Hii ni benki."

"Kaa hapa dakika mbili, utaelewa."

Mlinzi alikaa. Miezi michache baadaye nilimkuta amesimama pale pale akitazama saa yake ya mkononi. Kundi lilikuwa limechelewa kwa sababu mama mmoja alikuwa amepotelea katika mto Saône, yaani kwenye duka la viatu. "Leo jogoo wenu amelala?" mlinzi aliniuliza.

Mchana tulikula kwenye meza za pamoja, vyakula tulivyobeba wenyewe. Hapo Mwalimu alisimulia kile wanachokula watu wa Lyon. Siku moja alieleza kwamba chakula cha sifa kule, kile walichokula wafumaji asubuhi kabla ya kazi, ni utumbo.

"Utumbo wa nini?" aliuliza Mama Furaha, mwimbaji wa sauti ya pili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua kuta.

"Wa ng'ombe. Na wa nguruwe. Wanaukaanga, wanatia vitunguu."

Mama Furaha aliweka kijiko chini. "Kumbe ni batu kama sisi! Mbona hukusema tangu mwanzo? Nimetembea miezi yote hii naogopa."

Nilikuwa na tabia ya kumsikiliza Mwalimu kwa sikio la kazini. Katika kazi yangu mgonjwa anaweza kukuambia mambo kumi, na lile la maana ni lile la kumi na moja ambalo hakulisema. Baada ya matembezi matatu au manne niliona jambo. Mwalimu hakuwahi kusema "niliona." Alisema "mgeni anaona." Alisema "ukifika, utaona." Alisema "anayetembelea anashauriwa kuvaa viatu vya kufunga." Jambo la pili, kila alichokitaja kilikuwa kama kilivyokuwa zamani sana. Alituonya kwamba simu za umma za stesheni zinahitaji sarafu. Jambo la tatu lilikuwa ule mlango wa matengenezo.

Sikuuliza. Mtu mzima anapokueleza mji mtaa kwa mtaa, humuulizi kama amefika. Ingekuwa kama kumuuliza pasta kama amesoma Biblia. Nadhani kanisa zima lilikosea hapo hapo. Siku za mwanzo katibu alimtangaza kama "mwalimu wetu wa Lyon," akimaanisha yale matembezi. Wiki iliyofuata likawa "mwalimu wetu aliyesoma Lyon." Kufikia Krismasi Mama Furaha alikuwa anawaambia wageni kwamba Mwalimu aliishi Lyon miaka minane na nusura aoe huko.

Mama Mwalimu aliposikia habari za huyo mchumba, alicheka machozi. "Huyu? Anajua njia zote za Lyon. Njia ya jikoni haijui."

Na alikuwa anasema kweli. Hapa hapa Minnesota, Mwalimu alipotea kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alipanda basi la Brooklyn Center akashuka mahali ambapo hata mimi sikuwahi kupasikia. Mara mbili nilitoka kazini kwenda kumchukua. "Usitoke hapo, Mwalimu, nita-drive nikupate," nilimwambia kwa simu, "niambie tu unaona nini." Aliniambia anaona mti na nyumba. Katika mtihani wa udereva alianguka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anaendesha vizuri kabisa mpaka alipoona jengo la matofali la zamani, akapunguza mwendo, akawasha taa ya pembeni kwa utaratibu, akasimama, akamgeukia mtahini na kumwomba atazame madirisha. Baada ya hapo aliamua kwamba gari ni chombo cha watu wasiotaka kuona kitu.

Alikuwa mkali juu ya usahihi na mlegevu juu ya mambo mengine yote. Alisahau miadi ya daktari wa meno, lakini ukisema ngazi za kilima cha Lyon zina vidato mia mbili badala ya mia mbili na ishirini na nane, atakusimamisha njiani. Alikuwa Mpentekoste wa kufunga na kuomba, lakini kila tarehe nane Desemba alipanga mishumaa kwenye madirisha yake yote, kwa sababu ndivyo watu wa Lyon hufanya usiku huo, mji mzima unawaka, kumshukuru Bikira Maria. Mwaka wa kwanza kengele ya moshi ililia na jengo zima tukatoka nje kwenye theluji, tumevaa kanga na makoti. Meneja alifoka. Pasta naye alipopata habari alikuja na wazee wawili.

"Mwalimu, siku hizi unamwomba Maria?"

"Pasta, mimi namwomba Yesu. Mishumaa ni ya dirisha."

Pasta alifikiri. "Na dirisha ni la nani?"

"La meneja. Na meneja ameshakasirika. Sasa wewe kaa, unywe chai."

Mwaka uliofuata aliweka mishumaa ya betri, na nikaona mmoja kama hiyo umewekwa kwenye dirisha la ofisi ya pasta. Alisema ni pambo la mke wake.

Kisha ulifika mwaliko. Kanisa moja la Wakongo huko Lyon, ambalo mchungaji wake aliwahi kukaa kambi moja na pasta wetu, liliialika kwaya yetu ikaimbe kwa wiki moja wakati wa kiangazi. Pasta alitangaza Jumapili, na watu wakapiga vigelegele. Halafu akasema, "Na tuna bahati, hatuhitaji kuongozwa na mtu. Mwenyeji wa Lyon tunaye hapa." Kanisa zima liligeuka kumtazama Mwalimu. Nilikuwa nyuma yake safu moja. Nilimwona akikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki tena.

Jioni hiyo alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa amebeba kitabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya taulo.

"Binti, wewe ni mtu wa kuandika andika. Nitakuambia kitu na usiandike."

"Sitaandika, Mwalimu," nilisema. Ninaandika sasa kwa sababu mwenyewe alishaliondoa hilo katazo, kama nitakavyoeleza.

"Mimi sijafika Lyon."

"Najua."

Alishtuka. "Nani alikuambia?"

"Wewe. Hujawahi kusema 'niliona.'"

Alikaa chini akacheka kidogo, kisha akafungua kitabu. Kilikuwa kitabu cha mwongozo wa wageni, kimoja tu, cha Kifaransa, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa cherehani. Kule Uvira, Kongo, alikofundisha, shule haikuwa na vitabu vya Kifaransa. Padri mmoja alipokuwa anahama aliacha sanduku, na ndani yake kitu pekee kilichosomeka kilikuwa hicho. Basi Mwalimu alifundishia hicho. Kuuliza njia, kutoa amri, kushoto na kulia, wakati uliopo, wakati ujao, vyote alivichota humo. Miaka zaidi ya ishirini. Vita vilipokuja alivuka ziwa nacho kifuani, na kambini Tanzania akaendelea nacho. Kuna mamia ya watu wazima wa Uvira, waliotawanyika duniani, wanaoweza kutoka stesheni ya Lyon hadi kanisa kuu wakiwa wamefumba macho.

"Sasa tazama hapa," alisema.

Ukurasa wa arobaini na nane ulieleza jinsi ya kupanda kilima cha wafumaji. Vidato, alivitaja, mia mbili na ishirini na nane. Mstari wa mwisho wa ukurasa ulisema kwamba mgeni akifika juu ya ngazi, ageuke kushoto, na mbele yake ataona. Hapo ukurasa uliishia. Uliofuata ulikuwa wa hamsini na tatu, na ulizungumzia makumbusho.

"Kurasa nne," alisema Mwalimu. "Kilikuja hivyo. Aliyezichana alikuwa anakwenda pale. Mtu hachani karatasi ya mahali asipokwenda."

"Kwa hiyo matengenezo..."

"Ningesema nini? Nizue? Wanafunzi walikuwa wananiuliza kila mwaka: Mwalimu, kushoto kuna nini? Nikawaambia kumefungwa."

"Lakini si tuangalie tu kwa simu? Dakika moja." Nilikuwa nimeshaishika.

Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, kwa nguvu. "Wee, acha! Kwa kitabu sikuona. Kwa simu sitaki kuona. Nikipata kuona, nitaona kwa haya." Alijigusa macho. Nikaweka simu chini na akaniapisha kwamba sitatazama. Kisha akasema lililomleta. "Pasta amesema mimi ni mwenyeji. Nikienda, tutafika stesheni, nitageuka kama mbuzi aliyepotea, na kila mtu atasema miaka yote hii huyu mzee alikuwa mwongo. Nisipoenda, sitajua. Umri wangu, binti, mwaliko mwingine unatoka wapi?"

Nilimwambia jambo pekee lililokuwepo la kumwambia, awaambie wenyewe, kabla ya tiketi.

Aliwaambia Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya. Nilikuwepo kwa sababu aliniomba niwepo. Alisimama mbele yao kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akasema sentensi moja tu, ile ile aliyoniambia mimi. Kisha Baraka, mwimbaji wa besi anayeendesha mashine za kupandisha mizigo kwenye ghala moja, akainua mkono.

"Papa Mwalimu, lakini hiyo tunajua."

"Nani anajua?"

"Sisi ba Uvira. Ulitufundisha darasa la pili. Siku ya kwanza ulisema, 'Mimi sijafika, nyinyi mutafika mbele yangu.' Tulifikiri watu wote wanajua."

Macho yote yalimhamia Mama Furaha, mwandishi wa ile miaka minane na yule mchumba. Alijifunika uso kwa karatasi za nyimbo. "Mchumba nilimwongeza kidogo," alisema ndani ya karatasi. "Hadithi ilikuwa fupi." Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Basi ikaamuliwa kwamba wote watakwenda Lyon kwa mara ya kwanza, pamoja, na kwamba ataongoza yeye vile vile. Hapo ndipo aliponigeukia akasema, "Sasa unaweza kuandika."

Mimi sikwenda, zamu hazikuruhusu. Waliporudi nilifanya ninachofanya daima, nikamuuliza kila mtu peke yake, kabla hawajapatanisha maneno yao.

Yafuatayo wote waliyasema sawa. Walipotoka stesheni, Mwalimu alisimama dakika nzima, kofia kifuani. Kisha akasema, "Mesdames, messieurs," na watu wa Uvira wakamalizia kwa pamoja, "chungeni mizigo yenu, treni imefika." Madaraja yalikuwa mawili, na mito ilikuwa kwa mpangilio aliosema. Baraka alifungua ramani ya simu ikamwambia kulia. Mwalimu akasema kushoto. Wakaenda kushoto wakafika kwa njia fupi. Mara nyingine alisema kushoto wakafikia ukuta mpya. "Wamejenga bila kuniambia," alisema, na wakarudi. Utumbo waliula. Mama Furaha alirudia sahani. Ndani ya kanisa kuu walisimama mbele ya jogoo wakisubiri saa ifike, na ilipokuwa wazi kwamba siku hiyo saa ilikuwa imezimwa, wote wakamtazama Mwalimu. Kulikuwa na watalii wa nchi nyingi. Aliwika.

Jambo moja ndilo hawakulisema sawa. Siku ya mwisho, asubuhi, kabla ya ibada, Mwalimu aliondoka peke yake na kitabu chake. Mama Furaha anasema alimfuata kwa mbali akiogopa asipotee, na kwamba alimwona chini ya ngazi ndefu, mkono kwenye chuma cha kushikilia, midomo ikihesabu. Alipanda vidato kumi, labda kumi na viwili. Akasimama. Hapo kundi la watu wa baiskeli lilipita katikati yao, na walipokwisha kupita hakumwona tena, juu wala chini. Baraka anasema Mwalimu aliingia kanisani saa moja baadaye, amechelewa, hatweti, suruali yake ina vumbi nyuma kama mtu aliyekaa chini muda mrefu. Alimuuliza, "Papa, kushoto kuna nini?" Akajibiwa, "Chukua nafasi yako, besi tumepungua."

Mama Mwalimu, ambaye naye hakusafiri, anasema alirudi mtu yule yule, ila sasa analala vizuri.

Mwaka uliofuata nilihamia Lakeville, kusini kabisa, kwa ajili ya kazi na nyumba yenye uwanja wa watoto, na sikumwona kwa muda mrefu. Nilikutana naye tena Jumamosi moja ya Februari. Nilikuwa na shughuli mjini, nikasikia jogoo.

Alikuwa na kundi jipya, familia mbili zilizofika karibuni, makoti bado yananuka duka, na watoto waliomuuliza maswali kwa Kiingereza na kujibiwa kwa Kiswahili. Alikuwa amepungua kidogo mwilini na sauti ilikuwa ile ile. Nilijiunga nyuma. Tulivuka Rhône, tukavuka Saône. Nilisikiliza kwa makini, na sasa alikuwa anasema "niliona." Niliona mashua. Niliona bibi mmoja akimpa mbwa wake mkate. Sarafu za simu alikuwa amezifuta.

Tulifika kwenye mlango wa kioo. Aliinua mkono.

"Huku kumefungwa," alisema. "Kuko matengenezo."

Msichana mdogo aliuliza kwa Kiingereza yatakwisha lini. "Wanajitahidi," alijibu Mwalimu.

Mama mmoja wa kundi aliogopa kushuka kwa ngazi za umeme, hakuwahi kuzitumia kushuka, na Mwalimu akaenda kumshika mkono. Kitabu alinipa mimi nimshikie. Sikukusudia kukifungua. Kilijifungua chenyewe ukurasa wa arobaini na nane, kwa sababu hapo pamenenepa. Kati ya arobaini na nane na hamsini na tatu palikuwa na karatasi mpya, imekunjwa mara mbili kwa ule ukunjaji wake wa mashuka, pembe juu ya pembe, na kingo zake tatu zimebandikwa kwa gundi. Na ukingo wa nne nao ulikuwa umeshonwa, uzi wa cherehani, kazi ya Mama Mwalimu.

Nje theluji ilikuwa inameremeta. Nikauinua ukurasa kwenye kioo cha daraja, mwanga upite.

Mkono ulitokea nyuma yangu ukakichukua kitabu taratibu.

"Binti," alisema Mwalimu, "huku kumefungwa."

Alikifunga, akakirudisha ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya taulo, akaliongoza kundi kulia. Nilikuwa nimepata kutazama kwa muda wa kama nusu ya pumzi. Ndani ya karatasi niliona kivuli chembamba cha rangi ya samawati, kimelala kwa mshazari. Kinaweza kuwa mstari wa wino. Kinaweza kuwa mstari wa daftari, zile karatasi za shule zina mistari ya rangi hiyo hiyo. Kiapo changu juu ya simu bado nakishika, kwa hiyo sijui kushoto kuna nini, na sijui kama yeye anajua.